Simu Moja, Milango Mingi



Ndugu wasomaji, ukurasa wetu wa afya umezoea kuzungumzia malaria, kichocho, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu tunazungumzia kitu ambacho hakiletwi na mbu wala maji machafu, nacho hulala chini ya mto wa mkuu wa nyumba. Ni simu yenye mitandao mingi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Chake Chake, mzaliwa wa bara, muuguzi kwa kazi. Hatumtaji jina kwa sababu si mtu mmoja; yuko katika kila jumuiya yetu. Katika WhatsApp yumo kwenye kundi la jumuiya ndogo ndogo, la kwaya, la WAWATA, la wazazi wa darasa la tatu, la kazini, la ukoo wake Bukoba, na la mchango wa harusi ya binamu (harusi imekwisha zamani, mtoto amezaliwa, kundi lingali hai). Facebook anakutana na aliosoma nao. Instagram anatazama mishono ya vitenge. Telegram ni ya masomo ya kujiendeleza. TikTok aliwekewa na mwanawe. Halafu kuna ujumbe wa kawaida wa simu, wa benki, wa kampuni za simu, na wa wale wanaomwambia hela ile aitume kwa namba nyingine.

Mama huyu hulala saa 4 usiku. Saa 6 simu inalia, mwanakwaya ametuma video. Saa 8 inalia tena, mjomba aliyeko Marekani, ambako bado ni jioni, anausalimia ukoo, na mashangazi wanne wanamwitikia. Saa 11 alfajiri mama anaamka kwenda zamu akiwa na uchovu kuliko aliolala nao. Asubuhi hiyo atapima dawa ya mtoto wa mtu.

Ubaya uko wapi?

Kinachoibwa kwanza ni usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 kila usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Saa hizo ni za usingizi unaofuatana, si wa kukatwakatwa kama muwa. Mwanga wa simu huchelewesha usingizi kuja, lakini kwa maoni yetu habari yenyewe inachelewesha zaidi. Mtu aliyesoma ugomvi wa ukoo saa 5 usiku hulala na ugomvi huo kifuani. Asiyelala vya kutosha siku nyingi mfululizo hukasirika upesi, husahau, hufanya makosa kazini na barabarani. Mwenye shinikizo la damu au kisukari huona vipimo vyake vinagoma kushuka ingawa anameza dawa. Watoto husinzia skuli na mwalimu huwadhania wavivu.

Macho nayo yana yao. Tukikodolea kioo cha simu tunapepesa mara chache, na jicho hukauka na kuwasha. Kila dakika 20 inua macho, utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mkarafuu ulio uani unatosha. Shingo iliyoinama kutwa inauma, na dawa yake ni kuinyanyua simu ije usoni badala ya kichwa kuifuata simu mapajani.

Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asitazamishwe kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Bibi anayempa mjukuu simu ili atulie wakati chungu kiko jikoni tunamwelewa. Tunamwomba tu ampe vifuu na mwiko kwanza.

Kuhusu huzuni na wasiwasi wa vijana, wataalamu wangali wanabishana ni kwa kiasi gani mitandao ndiyo chanzo. Sisi tusiseme zaidi ya wanavyojua wao. Ila mzazi akiona kijana amejitenga, hali, hacheki, au anashtuka kila simu inapolia, asingoje wataalamu wamalize ubishi. Akae naye, amwulize kwa upole, na ikibidi ampeleke hospitali.

Mashahidi watatu ambao ni mmoja

Kuna madhara mengine yanayopita usingizi, nayo huja pale habari mbaya inapoingia nyumbani.

Watu wazima wa Pemba wanaukumbuka mwaka 1995. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwa watu wa kawaida, wala neno intaneti halijasikika vijijini. Hata hivyo habari za popobawa zilianza hapa kisiwani, zikavuka hadi Unguja, kisha pwani ya bara. Watu wenye akili zao timamu walivikimbia vitanda, wakakoka moto uani, wakakesha majirani pamoja usiku baada ya usiku. Mjini Unguja mgonjwa mmoja wa akili, aliyekuja kutafuta matibabu, aliuawa na kundi la watu waliodhani kuwa ndiye. Hatuandiki haya ili kuwacheka waliokesha. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na usingizi walioukosa ulikuwa wa kweli. Tunayakumbusha kwa sababu habari zile zilitembea kwa miguu, kwa gari za abiria na kwa vyombo vya baharini, na bado zilifika mbali namna ile.

Mfano wa pili ulitokea bara, lakini unawagusa watoto wetu. Kichocho cha mkojo tunakijua Pemba. Dawa ya prazikwanteli imemezwa na watoto wengi wa skuli zetu, na kuanzia mwaka 2012, kwa miaka kadhaa, hata watu wazima waligawiwa mara mbili kwa mwaka katika mpango wa kuukomesha ugonjwa huo Unguja na Pemba. Basi mwaka 2008 dawa hiyo hiyo, pamoja na ya minyoo, iligawiwa katika shule za Morogoro. Baadhi ya watoto waliumwa tumbo, wakatapika, wakaona kizunguzungu. Dawa hii huweza kuleta mambo hayo kwa muda mfupi, hasa ikimezwa na tumbo tupu, na ndiyo maana watoto hutakiwa kula kwanza. Lakini uvumi ukaenea kuwa watoto wanakufa. Wazazi wakakimbilia shuleni kuwatoa watoto wao, vurugu zikazuka, polisi wakaitwa, ugawaji ukasimamishwa. Walioachwa na kichocho chao ni watoto.

Leo habari kama hiyo ingefika Wete, Konde, Micheweni na Kengeja kabla mwalimu hajamaliza kuandika orodha ya waliomeza. Na hapa ndipo wingi wa mitandao unapotudanganya. Mama anaupata ujumbe katika kundi la wazazi. Nusu saa baadaye anauona ule ule Facebook. Jioni dada yake wa Tanga anampigia kumwuliza kama ni kweli, kwa kuwa naye ameupata kwenye kundi la ukoo. Mama anasema, “Basi ni kweli, nimeisikia kwa watu watatu.” La, hakuisikia kwa watu watatu. Ameisikia kwa mtu mmoja asiyemjua, aliyeingia nyumbani kwa milango mitatu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inadai shahidi zaidi ya mmoja, lakini ni mashahidi waliokuwapo, si waliosambaza.

Wenye WhatsApp wenyewe wameliona tatizo hili. Januari 2019 waliweka kikomo ili ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya watu au makundi 5 kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa korona, wakakaza zaidi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, wenye alama ya mishale miwili juu yake, hausambazwi ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Wafundisheni watoto na wazee alama hiyo. Ukiiona mishale miwili juu ya habari ya dawa, chanjo au ugonjwa, usibonyeze chochote. Mpigie mwalimu, au kituo cha afya, au nenda ukaone kwa macho yako. Na aliye na tabia ya kusambaza kwanza na kuuliza baadaye ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika bara na Zanzibar, inaadhibu utangazaji wa habari za uongo.

Je, hakuna chombo cha kuikusanya mitandao yote?

Msomaji anaweza kuuliza: kwa kuwa milango ni mingi, je, hakuna programu ya kuikusanya yote iwe mlango mmoja? Zipo, na wazo si jipya. Waliokuwa na Nokia za vitufe karibu na mwaka 2010 watakumbuka eBuddy na Nimbuzz, zilizoweka mazungumzo ya Facebook, Yahoo na mengineyo katika dirisha moja. Zilipendwa kwa sababu zilikuwa nyepesi na salio lilikuwa ghali. Lakini ziliishi kwa ruhusa ya wenye mitandao, na wenye mitandao walipofunga milango yao, zikafa.

Za leo ni za namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Namna ya kwanza ni ya kupokea. Beeper, kwa mfano, ambayo ilinunuliwa mwaka 2024 na kampuni ya Automattic ya Marekani, hukusanya jumbe za WhatsApp, Telegram, Instagram na nyinginezo katika orodha moja. Namna ya pili ni ya kutuma. Hootsuite ya Kanada, iliyoanza mwaka 2008, na Buffer, iliyoanza mwaka 2010, humwezesha mtu kuandika tangazo mara moja, likatoka katika mitandao kadhaa kwa saa aliyoipanga. Meta, wenye Facebook na Instagram, nao wana chombo chao cha kuzihudumia kurasa za mitandao hiyo miwili pamoja, nacho hakilipiwi.

Kwa ofisi ya parokia, zahanati, au kijana anayeuza viungo na asali kwa wageni, chombo cha kutuma ni msaada halisi. Anaandika Jumatatu matangazo ya juma zima, kisha anaiweka simu chini na kufanya kazi nyingine.

Kwa nyumba yetu ya kawaida, sisi hatuoni faida kubwa ya chombo cha kupokea. Mvuvi akiwatia samaki wa madema matano katika tenga moja, samaki ni wale wale. Jumbe 200 za makundi kumi zikikusanywa mahali pamoja ni jumbe 200, na pengine sasa zinaonekana zote kwa mara moja hata zile ulizokuwa umezisahau kwa amani. Jambo jingine ni funguo. Ili programu ya tatu ikusomee jumbe, lazima uiruhusu kuingia katika akaunti zako. Umempa mgeni ufunguo wa kila chumba. Huenda ni mwaminifu, lakini akiibiwa yeye, umeibiwa wewe vyumba vyote.

Kuna chombo kimoja cha kuunganisha ambacho tunakikataza waziwazi. Vijana wetu hupenda WhatsApp za bandia, hasa ile ya GB, ili waweke laini mbili katika simu moja au wasome jumbe zilizofutwa. Hizo hazitoki kwa wenye WhatsApp, hazipatikani katika duka rasmi la programu, na hakuna ajuaye aliyezitengeneza ameficha nini ndani yake. Anayezitumia anaweza kufungiwa namba yake. Tena hakuna haja nazo: tangu Oktoba 2023 WhatsApp ya kweli katika simu za Android inaruhusu akaunti mbili kwenye simu moja yenye laini mbili.

Na namba sita zinazokuja kwa ujumbe wa simu wakati wa kusajili WhatsApp usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mwenyekiti wa jumuiya. Ndivyo akaunti zinavyotekwa, kisha mwizi anawaandikia ndugu wote wa bara kwa jina lako kwamba umelazwa na unahitaji hela. Nenda katika mipangilio, sehemu ya akaunti, uwashe uhakiki wa hatua mbili. Ni kazi ya dakika tatu.

Mpango wa nyumba

Lango lenyewe, basi, ni mpango wa nyumba, si programu. Tunapendekeza baba na mama wakae na simu zao mkononi, Jumapili mchana baada ya Misa na chakula, na watoto wakubwa wawepo.

Waanze na makundi. Kila kundi liulizwe: likinyamaza mwezi mzima, nani ataumia? La mchango wa harusi iliyokwisha litoke. Tangu mwaka 2022 mtu anaweza kutoka bila kundi zima kutangaziwa, ila viongozi wake tu, hivyo aibu imepungua. Makundi yanayobaki mengi yanaweza kunyamazishwa daima. Kunyamazisha si kutoka. Jumbe zinaingia, ila simu hailii. Wengi hawalijui hili, ndiyo maana wanateseka kwa heshima. Yaachwe mawili au matatu tu yenye sauti, la kazini kwa mfano, na la wazazi wa skuli. Katika sehemu ya faragha, chagua kwamba ni watu unaowajua tu wanaoweza kukuingiza katika kundi jipya. Zima pia upakuaji wa picha na video wa wenyewe kwa wenyewe. Bando litadumu, na simu haitajaa video ambazo hukuziomba.

Halafu saa. Mara mbili kwa siku zinatosha kusoma makundi, tuseme mchana wakati wa chakula na jioni kabla ya sala ya familia. Saa 3 usiku simu zote ziende sebuleni, za wazazi zikitangulia. Mtoto hawezi kuambiwa aiache simu na baba aliye kitandani na yake usoni. Tangu umeme ulipofika kisiwani kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, tumezoea kuchajia kitandani, na wengine huiweka simu inayochajiwa chini ya mto, ambapo hupata moto. Sebuleni ni salama zaidi. Asiye na saa ya kumwamshia anunue ile ya mezani.

Tunajua pingamizi: “Je, mama yangu mgonjwa akipigiwa simu usiku? Je, ndugu yangu aliye katika boti?” Ni pingamizi la haki, hasa kwetu tuliotenganishwa na bahari. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya usisumbuliwe, ambapo unachagua watu wachache ambao simu zao zitalia hata usiku, na mengine yote yanyamaze hadi asubuhi. Chagua watano. Waambie kwamba jambo la dharura hawaandiki, wanapiga.

Kwa parokia na jumuiya, viongozi wanaweza kufanya jambo moja la huruma: kuwa na kundi la matangazo ambalo viongozi peke yao ndio wanaoandika, na kutuma mara moja kwa siku kabla ya saa 2 usiku. “Amina” mia na maua mia yabaki katika kundi la mazungumzo. Mungu anazisikia Amina tunazozisema jikoni pia.

Marehemu Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, aliligusa jambo hili katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni wa mwaka 2019. Hakuilaani mitandao. Aliwahofia vijana wanaoweza kugeuka wakaa pweke ndani yake, na alitoa mfano wa familia inayotumia mtandao kuwasiliana na kisha kukutana mezani na kutazamana machoni. Hapo, alisema kwa maana, mtandao ni hazina. Kwa familia ambayo baba yuko kambini, binti yuko chuo Dodoma na mama yuko Wete, meza hiyo pengine ni mara mbili kwa mwaka. Simu ya dakika kumi Jumapili jioni, ya sauti au ya kuonana, inaikaribia zaidi kuliko picha za salamu 40 zilizotumwa kwa juma.

Neno la mwisho ni kuhusu karatasi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na kila kitu chake ndani ya mitandao, ikiwa mmoja au saba, alijikuta hana hata mmoja. Nunua daftari dogo. Andika humo kwa kalamu namba za kituo cha afya kilicho karibu, mwalimu wa darasa, padre au katekista, jirani wa kulia na wa kushoto, dereva wa teksi anayekubali kuamshwa usiku, na ndugu wawili wa bara. Mtoto wa darasa la nne aweze kulisoma. Litundikeni kwa kamba nyuma ya mlango, mahali ambapo simu hazilali.